Kushona kofia ya viua kwa mkono: kuanzia kitambaa hadi kufua

Kofia ya viua ndiyo inayoambatana na kanzu siku ya Idi, Ijumaa, Maulidi na harusi, Unguja na Pemba. Viua ni vile vitundu vidogo vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi, mamia kwa mamia, vikapangwa mpaka vikatoa nakshi. Kazi yao si pambo tu. Vinapitisha hewa, na kwa joto la kaskazi mvaaji anaijua tofauti. Ndugu wa karibu wa kofia hii ni kumma ya Oman, na mwenye kushona moja hatapata shida kuielewa nyingine.

Nyingi zinazouzwa madukani siku hizi ni za mashine, zimeletwa kutoka nje, na bei yake ni ya chini kiasi kwamba mshonaji wa mkono hawezi kushindana nayo. Asijaribu. Mashine inaweza kunakili mchoro wowote, lakini kwa kawaida tundu lake hupatikana kwa kukata kitambaa, na nyuzi zilizokatwa hulegea kadiri kofia inavyofuliwa. Mkono hautakiwi kukata. Unasogeza nyuzi pembeni na kuzifunga zikiwa nzima. Kiua cha namna hiyo kinavumilia kufuliwa mara kwa mara, na ndicho kinachoifanya kazi hii istahili kurudishwa mikononi mwa vijana. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kiua kuliko kwenye jambo lolote jingine.

Kitambaa na vifaa

Nunua popolini nyeupe ya pamba tupu, au bafta iliyoshikamana vizuri. Wari moja inatosha kofia nzima na kipande cha kufanyia majaribio. Madukani, iwe Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, popolini iliyochanganywa na poliesta imejaa, na kwa macho huwezi kuitenga. Omba uzi mdogo wa ukingoni uuchome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Poliesta haifai kwa sababu nyuzi zake zina utelezi na ukaidi: ukizisogeza, zinarudi zilikotoka na tundu linafumba.

Kabla ya kupima chochote, loweka kitambaa kwenye maji ya moto na sabuni usiku mzima, suuza, anika, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Pamba mpya hurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye kofia ya sentimita 57 hiyo ni karibu sentimita 2 au zaidi, na kofia iliyorudi sentimita 2 hakuna namna ya kuiokoa. Itamtosha mtoto tu.

Vifaa vingine ni hivi:

- Uzi wa kudarizi wa pamba, mweupe, ule wenye nyuzi 6 zilizoshikana, unaouzwa kwa vipande vya mita 8. Chukua vipande 7 kwa pamoja. Weupe una aina nyingi, na ukirudi dukani mwezi ujao unaweza kupata mweupe usiolingana na wa kwanza.
- Sindano namba 9 au 10. Namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Nunua pakiti nzima.
- Kitoboleo: chuma chembamba cha mviringo chenye ncha, kinachonenepa polepole kuelekea kwenye mpini. Msumari ulionolewa na kusuguliwa kwa msasa mpaka ukateleza unafanya kazi vizuri. Kisiwe na makali ya kukata hata kidogo.
- Subana ya kidole cha kati, mkasi mdogo, nta, futi ya fundi, rula, bikari, penseli ngumu na karatasi nyembamba.

Ukitaka nakshi ya rangi, jaribu uzi kwanza: lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Ukichuja hapo, utachuja na jashoni.

Vipimo

Zungusha futi kichwani juu ya masikio, ikipita katikati ya paji la uso. Tuchukulie umepata sentimita 56. Ongeza 1, kwa sababu kofia ni ya tabaka mbili na unene wake unakula nafasi ya ndani. Ukanda wa pembeni utakuwa na mzunguko wa sentimita 57 na kimo cha sentimita 9.5. Duara la juu linapatikana kwa kugawa 57 kwa 3.14, yaani kipenyo cha sentimita 18 na kidogo. Fungua bikari kwa sentimita 9. Nusu sentimita inayozidi kwenye ukanda itamezwa na mshono wakati wa kuunga.

Hapo hujamaliza. Kudarizi kunavuta kitambaa, na kila mkono unavuta kwa kiasi chake. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka mbili, ushone viua na bandi (mishono midogo ya mstari, inayopita juu na chini ya kitambaa) kama utakavyoshona kwenye kofia, halafu upime tena. Ukikuta mraba umebaki sentimita 9.7, zidisha vipimo vyote kwa 10 na ugawe kwa 9.7. Ukanda wa 57 unachorwa 58.8, na bikari inafunguliwa kwa 9.3. Atakayeruka hatua hii atashona mwezi mzima kofia isiyoingia kichwani. Mraba huo utunze na uandike tarehe yake, maana mkono hubadilika kadiri unavyozoea.

Kata vipande viwili vya ukanda na viwili vya duara, kila kimoja kikiwa na ziada ya angalau sentimita 2 pande zote. Kukata kwa kipimo cha mwisho ni baada ya kudarizi, si kabla, kwa sababu ukingo uliokatwa mapema unafumuka mkononi. Urefu wa ukanda ufuate urefu wa jora, yaani uende sambamba na ule ukingo mgumu wa kitambaa usiofumuka. Upande huo ndio usiovutika, na kofia haitapanuka ikivaliwa.

Nakshi: anza na kofia kuukuu

Nyumba nyingi zina kofia ya babu, imekuwa ya manjano, imetoboka, hakuna anayeivaa. Hiyo ni hazina kuliko picha yoyote ya simu. Omba ruhusa ya mwenyewe, na usiifue wala kuipiga pasi kabla ya kuinakili, kwani uzi uliochoka hukatika majini.

Laza sehemu ya ukanda juu ya meza, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha sugua kwa ubavu wa penseli, si kwa ncha. Viua vitajitokeza kama vijiduara vyeupe vyenye mzingo mweusi, na mistari ya bandi itaonekana baina yao. Huna haja ya kunakili ukanda mzima. Tafuta fungu moja la nakshi, kuanzia katikati ya ua hadi katikati ya ua linalofuata, na hilo ndilo ulipime kwa rula. Kwenye duara la juu nakili kipande kimoja tu kuanzia katikati hadi ukingoni.

Kisha geuza kofia. Upande wa ndani unaonyesha mambo ambayo wa nje umeyaficha: uzi ulianzia wapi, ulivuka vipi kutoka kiua kimoja kwenda kingine, bandi ilishonwa kabla ya viua au baada yake. Andika hayo pamoja na idadi ya mafungu, idadi ya viua katika kila mstari, upana wa tundu, na jina la nakshi kama mwenye kofia analijua. Piga picha kofia ikiwa mbele ya dirisha, rula ikiwa pembeni, ili mwanga upite kwenye matundu. Mwenye kukusanya nakala 10 za namna hii kutoka mitaa tofauti ana vya kumfundishia kijana kuliko aliyejifunzia kofia moja tu.

Ukibuni yako mwenyewe, fikiri kwa viua, si kwa mistari. Chukua karafuu. Inayo meno manne, kichwa cha mviringo katikati, na kikonyo. Viua 4 vikizunguka kimoja, na vingine 3 vikishuka chini kwa mstari, tayari ni karafuu, na Mpemba ataitambua. Majani ya kina na mikunjo mingi hayafai, kwa sababu kiua hakiwezi kuwa na pembe.

Sasa hesabu ya kupanga. Fungu la nakshi lazima liingie kwenye mzunguko bila kubaki. Sentimita 57 ukiigawa mafungu 12 unapata 4.75 kila moja (au 4.9 kama unachora 58.8). Mpangilio mzuri wa kuanzia ni almasi ya viua 16, yaani mistari minne ya viua vinne iliyosimama kwa ncha, umbali wa milimita 8 kutoka kitovu cha kiua hadi kitovu cha jirani yake. Nafasi iliyobaki baina ya almasi mbili, juu na chini, inajazwa na pembetatu za viua 3. Weka mstari wa viua 5 kwa kila fungu karibu na ukingo wa juu, na mwingine karibu na wa chini. Jumla ni viua 32 kwa fungu, 384 kwa ukanda mzima. Kwenye duara la juu, kiua kimoja cha katikati, petali 8 za viua 6, na mzunguko wa nje wa viua 60 vinafanya 109. Kofia nzima ina viua 493.

Kuhamisha mchoro kwenye kitambaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, kuweka kitambaa juu yake na kufuata kwa penseli. Ya pili inafaa ukitaka kutumia mchoro mmoja kwa kofia nyingi: toboa karatasi kwa sindano kila panapokaa kiua, iweke juu ya kitambaa, na upitishe unga laini wa mkaa kwa pamba. Ondoa karatasi, chora kiduara kwa penseli kuzunguka kila nukta, kung'uta unga. Kalamu ya wino usiiguse. Wino unasambaa siku ya kwanza ya kufua, na hautoki.

Kuchora na kushona ni kazi mbili, na si lazima zifanywe na mtu mmoja. Mwenye jicho la kuchora na achore, mwenye vidole vyepesi na ashone, wagawane malipo.

Kuunganisha tabaka

Laza tabaka mbili moja juu ya nyingine, nyuzi zao zikielekea upande mmoja, na zipige bandi ndefu ya muda, ya mishono ya sentimita 1, kwa mistari ya wima kila baada ya sentimita 4. Tumia uzi wa rangi hafifu. Mwekundu mkali huacha vumbi la rangi kwenye popolini nyeupe. Bandi hii inaondolewa mwisho kabisa. Tabaka zikihamana hata milimita 2, kitoboleo kitapita mahali pamoja juu na pengine chini, na kiua kitakuwa na midomo miwili.

Kiua, mshono kwa mshono

Chomoa nyuzi 2 kati ya 6, moja moja, kisha uziunganishe tena. Ukizichomoa zote mbili kwa pamoja zitajisokota. Urefu uwe dhiraa moja, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko, si zaidi: uzi mrefu unapita kitambaani mara nyingi mno na kutoa manyoya kabla haujaisha. Pitisha kwenye nta mara moja.

Usifunge fundo. Ingiza sindano baina ya tabaka mbili, sentimita 2 kutoka kwenye kiduara, itokee kwenye mstari, na uache mkia ukiwa umefichika ndani. Zungusha bandi ndogo ya mishono ya milimita 1 kufuata mstari wa kiduara, ambacho upana wake ni milimita 3. Zungusha mara ya pili, ukijaza nafasi zilizoachwa na mzunguko wa kwanza. Uzio huu ndio unaozuia tundu lisipanuke, na wengi wanaojifunza huuruka kwa haraka. Viua vyao vinakuwa vikubwa kwa vidogo, bila ya kujua sababu.

Toboa sasa, si kabla. Weka ncha ya kitoboleo katikati kabisa, wima, na ukizungushe kulia na kushoto huku ukisukuma polepole. Unasikia nyuzi zikiachia njia. Ukisikia mlio wa kupasuka, ncha yako ina makali. Isugue tena kwenye msasa. Kikishafika upana wa uzio, kitoe, geuza kitambaa, toboa tena kutoka upande wa nyuma ili tundu liwe sawa pande zote.

Kuzungushia uzi: sindano inashuka ndani ya tundu, inapita chini, inatokea nje ya uzio kwa umbali wa nusu milimita, na uzi unavutwa kuelekea nje, mbali na tundu. Mwelekeo wa kuvuta ndio siri yote. Ukivuta kuelekea juu au kuelekea tunduni, kila mshono unalifumba kidogo, na kufikia wa kumi tundu limekwisha. Vuta nje, tundu linabaki wazi. Igawe duara robo nne kwa macho na uweke mishono 4 kila robo, jumla 16. Zungusha kitambaa, si mkono, ili kila mshono ushonwe kutoka pembe ileile.

Ukimaliza mzunguko, pitisha sindano chini ya mishono minne ya upande wa nyuma na uzi ubanwe hapo. Kiua kinachofuata kikiwa ndani ya sentimita 1, peleka sindano baina ya tabaka bila kukata. Kikiwa mbali zaidi, kata uanze upya, kwa sababu uzi mrefu uliovuka huonekana kwa kivuli kofia ikiwa juani. Kabla ya kuhamia kwingine, ingiza tena kitoboleo pande zote mbili na ukizungushe mara moja. Mishono inakaa mahali pake na duara linatimia.

Anza na fungu la katikati ya ukanda na uende kulia na kushoto kwa zamu. Mvuto utagawanyika pande mbili badala ya kurundikana mwisho.

Kasoro zinazojirudia, na chanzo chake:

Kiua chenye umbo la yai. Ama kitoboleo kiliingia kwa kulala, ama robo moja ina mishono mingi kuliko nyingine. Hesabu mishono kabla ya kufumua. Mara nyingi utakuta 3 upande mmoja na 6 upande mwingine.

Kiua chenye kona. Mishono ni michache au imesimama mbalimbali. Kumi haitoshi kwa milimita 3.

Kitambaa kimekunjamana kukizunguka kiua. Uzi umekazwa kupita kiasi. Mshono unatakiwa ulale juu ya kitambaa, usikibane.

Kiua kinachong'oka baada ya kufuliwa. Nyuzi za kitambaa zilikatwa, kwa mkasi au kwa kitoboleo chenye makali. Hiki hakirekebishiki kwa kukazia uzi juu yake. Fumua, shona uzio mpya milimita 1 nje ya ule wa zamani, na uzungushie upya. Kitakuwa kikubwa kuliko wenzake, lakini kitakaa.

Madoa ya kijivu. Ni jasho la vidole na penseli. Nawa mikono, kausha, na funika sehemu usiyoshona kwa kitambaa safi. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na mikono haikauki, shona asubuhi.

Mwenye mazoezi humaliza kiua kwa dakika 4. Viua 493 ni saa 33 hivi. Anayeanza ahesabu mara mbili yake, na asione haya.

Bandi ya kujazia

Nafasi baina ya viua inajazwa kwa mistari ya bandi, umbali wa milimita 2 mstari hadi mstari, mishono ya milimita 2. Hii ndiyo inayozishika tabaka mbili na kuifanya kofia isimame bila karatasi ndani. Fuata umbo la nakshi: kuzunguka almasi, kisha kuizunguka tena nje yake, mpaka mistari ya almasi mbili ikutane. Mishono ya mstari mmoja ikae mkabala na nafasi za mstari wa jirani.

Ukitaka nakshi iinuke, pitisha uzi mnene wa pamba baina ya tabaka, katikati ya mistari miwili ya bandi, kwa sindano butu kutoka upande wa nyuma. Inapendeza sana kwenye ukingo wa chini. Usifanye hivyo kofia nzima, itakuwa nzito.

Kofia hii itakula karibu mita 35 za bandi. Ni kazi ya saa 13 hivi, na ni kazi tulivu inayoruhusu mazungumzo. Viua vitengee saa ambazo macho yana nguvu, bandi iachie jioni.

Kuunga

Pima upya. Ukanda uliodariziwa ulazwe bila kuvutwa, uwekewe alama ya sentimita 57, na nje ya alama uache sentimita 1 kila upande. Hapo ndipo mkasi unaingia. Fanya hivyo pia kwa duara.

Unga ncha mbili za ukanda kwanza. Mshono ukae baina ya mafungu mawili ya nakshi, kamwe usipite juu ya kiua. Pindia ukingo mmoja juu ya mwingine upande wa ndani ili nyuzi zisionekane, ushone bapa. Huu utakuwa upande wa kisogoni.

Kwenye ukanda na kwenye duara weka alama 8 zenye nafasi sawa. Pindia ndani ile sentimita 1 ya kila kimoja, ukate vijipengo kwenye pindo la duara kila baada ya sentimita 1.5, visifike kwenye mstari. Linganisha alama, shikiza kwa pini, na ushone ukingo kwa ukingo kwa mishono ya kuzungushia iliyokaribiana, kama 8 kwa kila sentimita. Shona robo moja, ruka hadi robo ya mkabala, kisha zilizobaki. Ukizunguka moja kwa moja kutoka alama ya kwanza, ziada yote itajikusanya mwisho na kofia itapinda.

Chini, pindia ukingo ndani na uufunike kwa ukanda mwembamba wa popolini wa upana wa sentimita 2.5. Huo ndio unaopokea jasho na mafuta ya nywele. Ukichakaa unabandua na kuweka mwingine, kofia yenyewe ikiwa salama. Toa bandi ya muda.

Bei

Jumlisha saa zote: kuchora, viua, bandi, kuunga. Kwa nakshi iliyoelezwa hapa ni karibu saa 60. Mtu akitaka saa yake ilipwe shilingi 2,000, kofia ni 120,000 kabla ya uzi na kitambaa. Mweleze mteja hivyo bila kuficha, na umgeuzie kofia aone ndani. Kofia ya mashine ina uzi mmoja juu na mwingine chini, na kingo za matundu yake zina manyoya. Ya mkono ni safi pande zote. Kupunguza viua ili kufikia bei ya mashine ni kumuuzia mtu jina bila kitu chenyewe. Mwenye bajeti ndogo mshonee nakshi chache zilizo kamili, nafasi iliyobaki iwe bandi tupu.

Mteja anayeitaka ya Idi aambiwe mapema kuwa kazi inaanza Rajabu.

Kufua na kutunza

Loweka kwa dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukamue kwa kukandamiza baina ya taulo mbili. Usisokote. Dawa ya kung'arishia yenye klorini inakula uzi wa pamba kuliko inavyokula uchafu.

Kwa wanga, koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe kama kioo. Ipoze, chovya kofia, futa wanga uliozidi. Kisha pitisha kitoboleo kwenye kila kiua kilichoziba kabla haujakauka. Ukikauka humo utalazimika kulowesha upya. Vika kofia kwenye sufuria au kopo lenye kipenyo cha karibu sentimita 18, anika kivulini penye upepo.

Doa la kutu, ambalo hutokana na sindano iliyoachwa kitambaani usiku mmoja tu wa unyevu wa bahari, linatoka kwa ndimu na chumvi. Paka, weka juani kwa saa moja, suuza vizuri mpaka ukali wa ndimu uishe. Sindano usizichomeke kwenye kazi; ziweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko.

Kofia ya kuwekwa muda mrefu ifuliwe mpaka wanga wote utoke, maana mende huufuata wanga na kutafuna uzi pamoja nao. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, ambao huhifadhi unyevu na kuotesha kawa. Kila baada ya masika itoe, iangalie viua mbele ya dirisha, na kile ambacho mshono wake umeanza kukatika kishone siku hiyohiyo, kabla jirani yake hajaanza.